Siku 13 nikifuata karatasi ya uhuru: Bagamoyo, Unguja, Pemba, Frere Town mpaka Rabai

Nimerudi Dar wiki iliyopita, na kwakuwa watu wengi wameniuliza "ulikuwa unatafuta nini huko kote peke yako" nimeona niandike yote mara moja. Nimeyatoa kwenye kidaftari na picha za simu, kwahiyo bei ni zile nilizolipa mimi Agosti hii, ukienda wewe unaweza kukuta nyingine.

Kwanza mjue kazi yangu. Naandaa mikataba ya vibarua, miaka tisa sasa nafanya hiyo hiyo. Siku moja nikasoma kwamba neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili ahesabiwe na alipwe, na kwamba Unguja ya zamani wengi wa hao vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ujira ukitoka mtumwa anabaki na sehemu na bwana anachukua yake. Neno ninaloliandika kila siku! Nikaanza kusoma zaidi, na jamaa mmoja akanipa fotokopi ya amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897, ile tuliyofundishwa shule kwamba ndiyo ilikomesha utumwa Unguja na Pemba. Shule ilikuwa hivi: 1873 soko likafungwa, 1897 utumwa ukakomeshwa, fungua ukurasa unaofuata.

Hatukuambiwa kuna kifungu cha 4. Kwa maneno yangu kinasema hivi: mtu ambaye mahakama imemtambua kuwa huru atawajibika kwa kodi yoyote na kazi yoyote ya lazima, au malipo badala ya hiyo kazi, ambayo serikali itaamua kuwatoza raia wake, na ni lazima aonyeshe ana makazi ya kudumu na njia ya kupata riziki, asipoonyesha atatangazwa mzururaji, na kama anakaa kwenye ardhi ya mtu mwingine atamlipa mwenye ardhi pango, kwa kazi au kwa mazao, kama watakavyokubaliana mbele ya mahakama ya wilaya. Sasa jiulize, mtu aliyekuwa mtumwa jana ana ardhi ya nani? Ya bwana wake wa jana. Nilikisoma kama ninavyosoma mkataba wowote, nani anatoa nini, anapata nini, akikataa anafanywa nini, na kwakweli nililala vibaya. Nikaomba likizo.

Siku ya 1, Jumamosi. Dar – Bagamoyo

Daladala kutoka Makumbusho, 3,000. Foleni ya Tegeta ni ile ile tunayoijua, siwachoshi. Chumba 25,000 kina feni na chandarua, maji yapo asubuhi tu.

Mchana nikaenda kwenye misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, unapita njia ndefu ya miembe mizee, kivuli mpaka baridi. Walifika hapa 1868 na wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa, wengine walinunuliwa utotoni, wengine waliletwa baada ya manowari za Waingereza kukamata majahazi baharini. Kijana anayetembeza wageni alinionyesha mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, na hapo ndipo wageni wengi wanapiga picha na kuondoka. Mi nikamwambia kaka, nionyeshe kengele. Akanitazama. Nikamweleza kwamba kwenye vijiji vya misheni kengele ndiyo ilikuwa bosi: inalia kwa sala, inalia kwa kazi, inalia kwa shule, inalia tena kwa sala. Wakioana walipata kibanda na kipande cha shamba, na wakati huo huo kulikuwa na mashamba ya misheni yanayowasubiri. Hapa hakuna viboko vya sokoni, hilo sitaki kulipuuza, mtu alipata jina, mke, watoto ambao hawauzwi. Ila kuondoka tu unavyotaka, ukatafute kwenu ulikotekwa, hilo lilikuwa jambo jingine.

Yule kijana akakaa na mimi karibu saa nzima bila kutazama saa, mwisho akakataa bakshishi, akasema "dada ungeninunulia soda tu". Nikanunua mbili.

Kitu cha kujua kwa wanaofuata: msichanganye tarehe za Unguja na za bara. Bagamoyo ilikuwa chini ya Mjerumani. Mjerumani hakukomesha utumwa, alitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja na mwaka 1904 akatoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Yaani mtoto huru, mama yake bado. Bara utumwa ulikuja kufutwa kisheria 1922, chini ya Mwingereza. Miaka 25 baada ya Unguja, na ukiwa Unguja siku ya anga safi bara unaiona kabisa.

Siku ya 2, Jumapili

Nilirudi Dar kulala kwangu. Kuna watu watakwambia Bagamoyo utapata jahazi la kukuvusha Unguja, usikubali, halina bima wala jaketi la kuokolea.

Siku ya 3, Jumatatu. Unguja

Boti 35,000 kwa Mtanzania, chukua kitambulisho. Kusi lilikuwa linavuma kwelikweli, nusu ya boti tulishika mifuko. Mama mmoja wa Kiunguja aliyekaa pembeni yangu akanipa ndimu, akaikwaruza kwa ukucha akaniambia "nusa mwanangu, usitazame chini", akanishika mkono mpaka Chumbe. Sijui jina lake na sikumuaga vizuri kwa ile fujo ya bandarini, mama kama unasoma hapa, ahsante.

Mkunazini. Kanisa kuu la Anglikana limesimama pale pale palipokuwa soko, Sultani Barghash alisaini kulifunga tarehe 5 Juni 1873 na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo, chini ya Steere ambaye baadaye akawa askofu. Ndani kuna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, Livingstone alikofia. Nje kuna ile sanamu ya watu wenye minyororo wamesimama kwenye shimo. Nilikaa pale ukutani muda mrefu. Wageni wanashuka kwenye vyumba vya chini, wanatoka wamelia, wanaenda zao, na mimi nawaelewa. Lakini ile sanamu inaishia kwenye mnyororo. Mimi nilikuwa nataka kujua siku mnyororo ulipotoka, kesho yake asubuhi yule wa mbele kulia alikwenda wapi na alikula nini.

Usiku Forodhani, urojo 3,000. Nilikula miwili.

Siku ya 4, Jumanne. Mbweni

Daladala mpaka Mbweni ni mia chache tu, halafu unatembea. Hapa misheni ya Kianglikana ya UMCA ilinunua shamba miaka ya 1870 ikaweka kijiji cha waliookolewa kutoka majahazini. Kuna kanisa la Mtakatifu Yohana la 1882, na magofu ya shule ya wasichana ya St Mary's ambayo Caroline Thackeray aliiongoza 1877 mpaka 1902. Magofu yako ndani ya eneo la hoteli, omba kwa adabu getini, mimi waliniruhusu bila kunitoza.

Nilikaa kwenye jiwe nikafungua fotokopi yangu kwenye kifungu cha 5 kwasababu Mbweni ni mahali pa wasichana na kifungu cha 5 kinahusu masuria, wale watumwa wa kike ambao bwana aliwaweka ndani kama wake. Jamani. Kinasema masuria watahesabiwa kama watu wa ndani, sawa na wake, na watabaki walivyo, mpaka wadai kutengana kwa sababu ya ukatili, na waithibitishe mahakamani. Aliyekuwa hajazaa anaweza kukombolewa kwa idhini ya mahakama. Kwahiyo tarehe 6 Aprili 1897 mwanamume shambani ana haki ya kwenda kuomba uhuru wake, suria ndani ya nyumba ya bwana hana, yeye anatakiwa kuleta ushahidi wa mateso aliyoyapata nyuma ya mlango uliofungwa, ushahidi wa nani? Wa wajakazi wa nyumba ile ile? Iliendelea hivyo miaka 12, mpaka amri ya 1909. Shuleni hii 1909 sijawahi kuisikia hata mara moja na mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwenye historia.

Mlinzi wa magofu alinikuta nimekaa kimya akadhani naumwa, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe chake mwenyewe.

Siku ya 5, Jumatano

Kukata tiketi ya Pemba, kufua, kusubiri. Meli ya usiku, daraja la chini unalala sakafuni, beba kanga mbili na sweta. Kina mama wakanisogeza katikati yao, "njoo hapa dada, huko mlangoni upepo".

Siku ya 6, Alhamisi. Mkoani – Chake Chake

Mkoani alfajiri, daladala mpaka Chake. Barabara nzima ni harufu ya karafuu, zimeanikwa kwenye majamvi mpaka ukingoni mwa lami, dereva anapinda kuzikwepa na hakuna anayelalamika. Milima midogo midogo, mabonde ya mpunga. Ukifika Pemba ndo unaelewa kwanini kifungu cha 4 kiliandikwa. Mikarafuu inataka watu, inataka palizi mwaka mzima na msimu ukifika inataka mikono mingi kwa mpigo, na serikali ilikuwa inakula kwenye ushuru wa karafuu. Wakubwa wa serikali ya Unguja waliogopa kwamba watumwa wakiachiwa tu wataondoka mashambani, na bila watu karafuu zinaoza mtini.

Kwahiyo angalia walivyofanya. Amri haikumwachia mtu yeyote huru moja kwa moja. Ni wewe mtumwa uende mwenyewe mahakamani, uombe. Ukiishi kijijini ndani huko Pemba, kwa miguu. Bwana wako akionyesha alikumiliki kihalali analipwa fidia na hazina, wewe hulipwi kitu. Halafu kabla hujaondoka na karatasi yako unaulizwa utaishi wapi na utakula nini. Kamishna wa Pemba aliyesimamia haya alikuwa Farler, zamani kasisi mkuu wa UMCA kule Magila, na msimamo wake ulikuwa watu wabaki kwenye mashamba yale yale kwa mkataba. Mkataba wa kawaida ulikuwa kumfanyia kazi mwenye shamba siku tatu kwa wiki, nawe unakaa na kulima kipande chako.

Siku tatu. Sasa mimi ni mtu wa mikataba kwahiyo nikapiga hesabu. Utumwani kwenye mashamba ya Unguja na Pemba desturi ilikuwa siku tano za bwana, Alhamisi na Ijumaa za mtumwa kulima mihogo yake. Uhuru ulimwongezea siku mbili. Nimeandika haya jioni, Alhamisi, kwenye baraza ya gesti, chumba 30,000 na chai, na watoto wanachambua karafuu hapo chini kwa taa wanatenga makonyo huku wanacheka.

Siku ya 7, Ijumaa. Banani na kwa mzee wa karafuu

Bodaboda mpaka Banani, si mbali na Chake. Mwaka ule ule wa 1897 misheni ya Marafiki, Waquaker, walifika Pemba kwa ajili ya watu walioachiwa, wakiongozwa na Theodore Burtt, wakapata shamba hapa na kuwapa watu kazi ya mshahara na sehemu ya kukaa. Kulikuwa na watu Uingereza waliokuwa wanaipigia kelele amri hii kwamba ni nusunusu, na Marafiki walikuwa miongoni mwao. Pametulia sana, minazi, kuku, watoto wa shule. Hakuna kibao kikubwa, ukija bila mwenyeji utapita.

Ushauri, huu nauweka hapa kwasababu nilikosea: usiulize watu wa Pemba "nani hapa alikuwa mtumwa". Nilimuuliza hivyo muuza duka mmoja Chake, mtu mzima wa heshima, akaacha kunipimia sukari akanitazama tu. Nilijiona nimevunja kitu. Watu wameoana, wamechanganyika, damu moja, na hilo neno bado linauma. Dereva wa boda akanifundisha njiani, "uliza kazi, usiulize watu". Uliza karafuu zilikuwa zinachumwaje zamani, mihogo ililimwa wapi, nani alikuwa na miti na nani alikuwa na ardhi. Utaambiwa yote.

Baada ya sala ya Ijumaa akanipeleka kwa mzee mmoja wa zaidi ya miaka 80. "Karibu mwanangu, kaa kitako." Mtoto akaleta mihogo ya nazi na samaki, nikaambiwa nile kwanza. Halafu mzee akauliza, wataka kujua nini? Nikauliza kazi. Alizungumza mpaka Alasiri. Kwamba wazee wake wakilima mihogo chini ya mikarafuu ya watu, miti ya mwenyewe, mihogo yao, na wakilima palizi inafanyika yenyewe, mwenye shamba karidhika. Kwamba kuchuma ni jambo la pesa, unapimiwa kwa pishi unalipwa papo hapo, na mchumaji hodari alikuwa anabembelezwa. "Wakikutaka wakuongeze. Hawakuongezi, shamba la jirani hilo pale." Hii ndiyo ilikuwa sehemu tamu ya safari yangu yote, kwasababu ndivyo nilivyosoma pia, ile mikataba ya siku tatu haikudumu. Watu waliiacha ife tu. Walihama, walikwenda mjini, walikaa pembezoni, walikataa palizi wakakubali kuchuma kwa pishi. Sheria iliwataka wawe watu wa shamba fulani, wao wakachagua kuwa watu wa msimu. Mzee hakutaja neno utumwa hata mara moja na mimi sikulitaja. Mwisho akaniambia baba yake alipata eka tatu baada ya Mapinduzi, akanyoosha mkono kunionyesha mpaka wake unapoishia, kwenye mnazi mmoja uliopinda.

Niliondoka na kifurushi cha karafuu. Nilitaka kulipa, akasema pesa zangu nimlipe boda.

Siku ya 8, Jumamosi

Mvua. Supu ya pweza na chapati, 3,500. Nililala.

Siku ya 9, Jumapili. Pemba – Tanga

Meli ya Tanga haipo kila siku, uliza mapema kabisa, panga safari yako yote kuizunguka. Tulichelewa kuondoka saa nne nzima bila maelezo, jua kali, hakuna kivuli cha kutosha. Kijana mmoja anayerudi chuoni aligawa maji yake kwa wazee watatu akabaki na chupa tupu. Tanga tumefika usiku, chumba 20,000 karibu na stendi, nimeoga nimelala.

Siku ya 10, Jumatatu. Tanga – Mombasa

Basi 20,000. Pasipoti au hati ya dharura, na kadi ya homa ya manjano msiidharau, abiria wawili walirudishwa pembeni kwa ajili yake. Horohoro unagongewa mihuri yote jengo moja. Fomu ikaniuliza unaishi wapi na unafanya kazi gani, nikajaza haraka haraka, halafu nikasimama na peni mkononi mpaka mtu wa nyuma akaniguna. Makazi na riziki. Mimi nimejaza ili nivuke mpaka, wale wa kifungu cha 4 walijaza ili wasikamatwe kwenye nchi waliyoilimia miaka yote. Hata Marekani ilikuwa hivyo hivyo: Mississippi mwaka 1865, vita imeisha tu, sheria ikawataka Weusi walioachiwa huru ifikapo Januari wawe na ushahidi wa maandishi wa makazi au kazi. Bahari mbili tofauti na walioandika hawakujuana, na swali ni lile lile.

Likoni kivuko bure kwa waenda kwa miguu. Badilisha pesa kwenye duka, usibadilishe kwa vijana wa mpakani.

Siku ya 11, Jumanne. Frere Town

Asubuhi mahamri kwa mbaazi, shilingi 100 za Kenya, jamani Mombasa kwa kifungua kinywa haina mpinzani. Matatu mpaka Kengeleni. Jina la stendi lenyewe ndilo kengele! Iko pale pale barabarani, magari yanapita, watu wanauza matunda chini yake. Kijiji kilianzishwa 1875 na CMS, misheni ya Kianglikana, kupitia William Salter Price, kikaitwa kwa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Waingereza aliyetumwa Unguja kusukuma ule mkataba wa 1873 wa kufunga soko. Watu waliletwa na manowari, na waliosaidia kukisimamia ni Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani na kusomeshwa India karibu na Nasik, kina William Jones na Ishmael Semler.

Hapa pana habari chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa kijiji, Streeter, ambaye hakuwa hata kasisi, aliendesha nidhamu ya viboko na kuwafungia watu, ikawa kashfa, ikachunguzwa, akaondolewa. Nimefikiria sana hilo. Mtu kaokolewa kwenye jahazi, kaletwa mahali panapoitwa pa uhuru, kachelewa kazini, kachapwa. Sisemi misheni zote ni Streeter, nimewasimulia Bagamoyo na Banani. Ila yeyote anayeandika kanuni za kazi za watu wasio na pa kwenda anatakiwa aisome hii.

Mzee mmoja anayeuza madafu akaniuliza naandika nini. Akaniambia shida ya Pwani yao siku zote ni karatasi ya ardhi, watu wamezaliwa mahali na kuzika mahali lakini hati ina jina la mtu mwingine. Alisema neno maskwota kama mtu anayetema kitu. Kenya utumwa ulifutwa kisheria 1907, na 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi za Pwani, wenye madai waje waandikishe. Aliyeachiwa mwaka jana angeandikisha nini? Dafu lilikuwa 50, akanikatia la pili bure.

Siku ya 12, Jumatano. Rabai

Matatu ya njia ya Nairobi mpaka Mazeras, 100, halafu boda 100. Kanisa la St Paul, jumba la kumbukumbu la Krapf, milima na minazi. Wamisionari Krapf na Rebmann walianza hapa 1846 lakini mimi nilikuja kwa ajili ya watoro. Kufikia miaka ya 1880 watumwa waliowatoroka mabwana wa pwani walikuwa wamejazana Rabai na misheni nyingine, na mabwana walikuwa wanawadai. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alikuja hapa, akagawa karatasi za uhuru. Zaidi ya watu 1,400 kwa misheni zote. Wamiliki walilipwa dola 25 kwa kila mtu, zile dola za fedha tulizoziita riale.

Nilijaribu kuiona siku hiyo. Mwaka mpya, foleni chini ya miembe, mtu anaitwa jina, anapewa karatasi asiyoweza kuisoma, anaikunja. Nadhani ningeishona ndani ya nguo. Kwasababu bila hiyo, ukishuka tu kwenda sokoni Mombasa, wewe ni mtoro.

Mtunza jumba akaiona fotokopi yangu iliyochakaa akaiomba aisome, akaisoma yote amesimama mlangoni, kidole kinafuata mistari. Akaniuliza kama anaweza kubaki nayo. Nikamwachia na namba yangu.

Siku ya 13, Alhamisi. Kurudi

Basi Mombasa – Dar mchana kutwa, sina la kusema, kiti kilikuwa kimevunjika. Safari nzima imenila kama laki sita na nusu, na kubwa kuliko yote ni usafiri wa majini, ukikata Pemba unaokoa laki nzima ila usiikate Pemba.

Jumapili yule mtunza jumba wa Rabai akanipigia. Amerudia kifungu cha 4, anauliza hiyo kodi, na hayo malipo badala ya kazi ya lazima, walikuwa walipe kwa pesa gani? Nikamwambia rupia, Unguja ilitumia rupia mpaka 1936. Akanyamaza kidogo. "Na aliyetoka utumwani jana, rupia atoe wapi?" Nikamwambia soma mstari ule ule tena, umeandikwa, atalipa kwa kazi. Nikasikia karatasi inageuzwa.